Kilimi cha Mzee Mwinjuma

Pale Mtoni watu walimjua Mzee Mwinjuma kwa vitu viwili: kikohozi chake na ustaarabu wake. Kikohozi kilitangulia. Ukikisikia kwenye kona ya bomba la maji, ujue ustaarabu uko nyuma unakuja.

Ustaarabu huo alijipa mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejitolea kumpa. Tangu apunguzwe kazi bandarini, mwaka ule makarani walipofagiwa kama maganda ya mihogo, alishinda barazani kwake ndani ya kanzu iliyopigwa pasi, akipima makabila ya watu. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, na kila mpangaji alimpa la kusema. Wa bara hawajui kunawa. Wa kusini wanakula panya. Bibi Adelina, mama wa mpangaji mchonga vinyago, alichanjwa nembo usoni enzi za usichana wake huko Newala. Akipita na ndoo, Mzee Mwinjuma hugeuza shingo.

"Uso wa mtu mmeugeuza mlango wa Unguja!"

"Mlango mzuri hupigiwa hodi, baba mwenye nyumba," hujibu yule bibi, akaenda zake na maji yake.

Mwaka uliotangulia, mpangaji mmoja wa bara, Theonest, alimpeleka mwanawe kung'olewa meno ya plastiki. Mtoto akiharisha na kupata homa, wajuzi husema ndani ya ufizi yameota meno laini yanayomuua, lazima yachimbuliwe. Basi yakachimbuliwa, kwa msumari ulionolewa. Mtoto alirudi damu imemjaa kifuani. Mzee Mwinjuma alipiga kelele zikafika Mtongani: "Washenzi! Ndani ya nyumba yangu!" Adhuhuri haijaingia, godoro la Theonest lilikuwa barabarani. Na tuseme kweli, siku ile kuhusu lile jambo alikuwa sahihi. Ndiyo maana hakuisahau. Hazikuwa nyingi siku kama hizo.

Sasa mjukuu wake Salma, mtoto wa miezi saba, akashikwa na kikohozi. Mama yake, Zubeda, aliyerudi kwa baba yake baada ya talaka, alitaka kwenda zahanati.

"Zahanati watakupa vidonge vya rangi," akasema mzee. "Kilimi hicho kimerefuka. Kesho fundi anakuja kukikata."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Fundi hukikata kwa kijisu kilichopinda, mtoto kashikwa miguu na mikono. Zubeda alikijua kijisu kile. Hija, mtoto wa dada yake, alikatwa hivyo hivyo, damu ikagoma kukatika, akazikwa kabla ya Ijumaa. Msibani Mzee Mwinjuma alisema ni kazi ya Mungu. Fundi naye alikuwepo, akala pilau.

Asubuhi fundi akaja na mkoba wake. Nyuma yake alikuwepo Revelian, msomi mwenye miwani na redio kaseti, aliyekuwa akizunguka Temeke kuandika habari za mila. Mzee alimpenda sana, kwa kuwa Revelian alimwambia hakuna mila iliyo bora kuliko nyingine, kila moja itazamwe kwa macho ya wenyewe. Maneno hayo mzee aliyakata katikati akachukua nusu inayomfaa. Nusu ya Theonest akaitupa.

Zubeda alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, khanga kaifunga mafundo mawili.

"Baba, ya Theonest uliita ushenzi. Hii je?"

"Ile ushenzi. Hii mila."

"Tofauti yake?"

"Tofauti yake wale siyo sie!"

Bibi Adelina, aliyekuwa anamenya mihogo uani, alicheka mpaka nembo zikacheza.

Zubeda akamgeukia msomi. "Kaka, nawe wasemaje?"

"Dada, sisi watafiti hatuhukumu. Tunasikiliza."

"Una mtoto?"

"Mmoja."

"Akikohoa unamleta kwa huyu fundi?"

Revelian akavua miwani, akaifuta. "Wangu... ana daktari wake."

"Ahaa! Wa kwako ana daktari, wangu mie ana mila."

Mzee Mwinjuma akainuka apige ukelele, kikohozi kikamuwahi. Kilikuwa kile kirefu, cha kushika ukuta. Wote wakangoja.

"Fundi," akasema Zubeda, "si uanze na huyu? Mtoto kakohoa wiki mbili tu, huyu anakohoa tangu mie sijazaliwa."

Fundi, mtu wa kupenda kazi, akafungua mkoba. "Haya mzee, panua mdomo."

"Mpumbavu we!" mzee akafoka. "Changu kilikatwa nikiwa na siku arobaini! Babu yako ndiye aliye..."

Maneno yalishatoka, na kaseti inazunguka.

"Kilikatwa?" akasema Zubeda, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Basi hicho kikohozi kinaning'inia wapi, baba?"

Akavaa kandambili. Bibi Adelina akafuta mikono, akachukua mwavuli. "Twende, mwanangu, dirisha la kadi pale zahanati hufungwa mapema." Wakapita mbele ya baraza, na mara hii mzee hakugeuza shingo. Alikuwa bado ameshika ukuta.

"Mzee," akauliza Revelian kwa adabu zote, "kikohozi chako kilianza lini hasa?"

"Zima hiyo."

Hakuzima. Kaseti ikaendelea kumrekodi mzee akikohoa, na fundi akiuliza habari za kuku aliyeahidiwa kuwa ujira wake.