Pipa la Mama Mkwe

Kila Jumamosi asubuhi mume wangu huvaa kandambili zake zilizolika kisigino, hushika kijiti, na kwenda kugonga mapipa ya watu. Hana salamu ndefu. Anagonga pipa ubavuni, anasikiliza maji yamefika wapi, halafu anauliza, "Mna maji ya siku ngapi?" Watoto wa mtaa wamempachika jina hilohilo, Siku Ngapi. Wakubwa nao wanamwita hivyo akishawapa kisogo. Mshonaji wa nyumba ya pili aliwahi kumjibu kwamba anayo ya kutosha hata kumwogesha yeye na kijiti chake. Watu wakacheka. Yeye akafunua mfuniko, akachungulia, akaenda nyumba inayofuata.

Zamani alikuwa na jina la heshima. Aliitwa Bwana Pampu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kwenye kituo cha kusukuma maji kule mtoni, na alikuwa ameshawasha na kuzima mitambo ile miaka ishirini na miwili. Shati lake lilinuka grisi hata likitoka kufuliwa. Ikifika zamu ya kufunga maji kwa matengenezo, alikuwa ananipigia simu kabla hajagusa swichi: "Saa nane nafunga." Basi tu. Mimi nikitoka getini nikamwambia mshonaji, na mshonaji ana sauti ya kuita mbuzi, nusu saa haiishi mtaa mzima umejaza ndoo. Nilivimba kichwa, siwafichi. Nilikuwa natembea kama mke wa waziri.

Watu wakaacha kuweka maji ya akiba. Ya nini, na mke wa Bwana Pampu yupo? Nyumbani kwetu ndiyo kabisa. Maji yangekatikaje bila yeye kujua, na yeye ndiye mkataji?

Halafu mama yake akaja kukaa nasi, magoti yamemchoka, hawezi tena kuishi peke yake. Alishuka kwenye lori la mizigo na furushi la nguo na pipa la plastiki la buluu, lenye mfuniko uliofungwa kamba. Hakuleta kitanda, alileta pipa. Kila alfajiri alilijaza kwa kopo, taratibu, huku anapumzika. Kila siku ya tatu maji ya zamani yanakwenda kufulia, mapya yanaingia. Na kila asubuhi, chai haijachemka, anauliza, "Tuna maji ya siku ngapi?" Binti yetu, aliyekuwa darasa la sita, alijua kumwigiza mpaka kikohozi, na bibi mwenyewe alicheka kuliko sote.

Mume wangu naye alicheka mwanzoni. Kilichoharibu ni mfanyakazi mwenzake, aliyekuja siku moja kuazima spana, akaliona pipa pale ukumbini. Akasema, kwa utani tu, kumbe hata mama yako hakuamini. Nilimwona mume wangu anavyobadilika uso. Mgeni alipoondoka alilikokota pipa hadi uani, akamwaga maji yote chini, akalirudisha ndani, akaligeuza kichwa chini, akaweka ubao juu na redio juu ya ubao.

"Mama," akasema, "maji ya nyumba hii ni mimi."

Mama akamwambia, "Haya, baba." Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Alikaa kwenye kiti chake karibu na lile pipa, anasikiliza redio.

Mvua ilianza Jumapili, ikanyesha siku mbili bila kupumua. Mume wangu alikuwa kazini, wameambiwa wasitoke, mto unapanda. Bomba lilikuwa linatoka vizuri, na nani akinge mvua wakati bomba linatoka? Jumatatu mchana mama aliniita. Nilikuwa nakunja nguo. Akaniambia, "Mwanangu, toa redio, tuliweke pipa chini ya bati. Mvua hii si ya kupotea." Nikamjibu kwamba akirudi mwenyewe na kukuta redio sakafuni tutasikia maneno. Sikumjibu vibaya. Nilimjibu kwa upole kabisa, nikaendelea kukunja nguo.

Jumanne jua likatoka, kali, anga safi kama sahani. Saa nne nilifungua bomba likakoroma, likatema hewa, likanyamaza. Nikaishika simu nisubiri anipigie. Simu haikuwa na mtandao, na umeme ulikuwa umekatika. Mshonaji akaja getini na ndoo yake, nyuma yake wengine saba au wanane, wakaniuliza Bwana Pampu amesemaje. Nikawaambia hajasema. Wakasimama pale wananitazama, na ndoo zao tupu, kama vile maji nimeyaficha mimi.

Ndani tulikuwa na birika moja na nusu jagi. Siku ile yakaisha. Jumatano nikaenda kwenye kisima cha zamani nyuma ya kiwanda cha mikate, kile ambacho hakuna aliyekuwa anakitumia, na mafuriko yalikuwa yameshapita juu yake yakitokea vyooni. Nilijua, sikuwa mjinga. Nilitaka kuyachemsha. Lakini mkaa wetu ulikaa kwenye gunia nje, ukutani, na ulikuwa umelowa hadi chini. Nilipuliza mpaka macho yakatoka machozi. Moshi tu. Maji yakawa vuguvugu, hayakuchemka. Nikayachuja kwa kitambaa, nikayaweka mezani, nikamwambia binti yetu asiyaguse, nikatoka kwenda kutafuta mkaa mkavu. Niliporudi mama alikuwa amekunywa vikombe viwili. Alikuwa na kiu, na maji yalikuwa mezani nyumbani kwa mwanawe.

Usiku tumbo likaanza. Alhamisi alikuwa hawezi kusimama. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limekwenda. Dawa yenyewe kila mtu anaijua, maji safi, sukari na chumvi kidogo, mgonjwa anywe, aendelee kunywa. Sukari nilikuwa nayo kilo mbili. Chumvi pakiti nzima haijafunguliwa. Nilivipanga mezani vyote viwili, nikaweka na kijiko. Nikapita nyumba kwa nyumba na kikombe mkononi. Nyumba kumi na moja. Wote walikuwa wanategemea simu yangu, na wote hawakuwa na kitu. Mshonaji peke yake alikuwa na chupa ndogo aliyomwekea mtoto wake mchanga. Alinimiminia nusu. Akafunga mlango polepole.

Ile nusu chupa mama aliimaliza kabla ya adhuhuri. Nilimnywesha kwa kijiko. Kila nilipomnywesha alikuwa anaangalia pembeni, kule kwenye redio, na mimi nilijua haangalii redio. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata cha kujibu. Aliniomba tu nimfungue kanga kifuani, na midomo yake ilikuwa imepasuka.

Alifariki Ijumaa, saa moja asubuhi. Binti yetu alikuwa amemshika mguu. Watu huniuliza nilihisi nini, na mimi huwaambia ukweli kwamba sikuhisi kitu. Mwili wote ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unauona ni wako, unaugusa, haukujibu. Nilimfunika. Nikairudisha sukari kabatini, nikairudisha chumvi, nikakitazama kijiko nisijue nikioshe na nini.

Saa tatu nikasikia kengele ya baiskeli. Mume wangu alikuwa ameisukuma kwa miguu kutoka kituoni, njia ya mlimani, matope hadi kiunoni, ndevu zimeota. Nyuma alikuwa amefunga madumu mawili ya lita ishirini. Kule kituoni kulikuwa na tangi la kuoshea machujio, limejaa pomoni wakati wote ule, na wao walikuwa wanahangaika kuokoa mitambo siku nne bila kujua huku nje kunaendaje. Alikuwa bado hajaegesha baiskeli.

"Mama," akaita kutoka uani, anacheka kwa uchovu, "maji yako hayo nimekuletea."

Nikatoka nikasimama mlangoni. Kicheko kilibaki usoni mwake muda mrefu kidogo, kama amekisahau pale.

Wanawake wa mtaa wakaja. Dumu la kwanza ndilo lililomwosha mama. Lilitosha. Lilibaki hata kidogo, tukanawia mikono. Yalikuwa maji masafi sana, unauona mkono wako hadi kwenye kucha, na mshonaji alilia alipokuwa anayamimina. Mimi nilikuwa nimeshika kopo.

Tulipomaliza niliingia ukumbini nikamkuta mume wangu amepiga magoti. Redio alikuwa ameiweka sakafuni, na ubao kando. Alikuwa amelisimamisha pipa vizuri, amelifuta vumbi kwa shati lake, na anamimina dumu la pili ndani. Alimimina hadi tone la mwisho, akaligongagonga dumu kwenye ukingo. Kisha akainama akatazama ndani, kichwa chote kimezama humo, na sauti yake ikatokea chini ya pipa.

"Tuna maji ya siku ngapi?"

Nikasogea nikachungulia. Yalikuwa yamefika kama shubiri moja na nusu, kwa watu watatu na waombolezaji uani.

"Ya leo," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali. Akafunika mfuniko, akautafuta ule uzi wa kamba wa mama, akaufunga vilevile alivyokuwa anaufunga yeye, mara mbili, na fundo kwa nyuma.