Mwalimu Rukia na viazi vya Mgeta

Bado sijaikubali hii habari. Mwalimu Rukia wetu tumemzika jana makaburi ya Kola, na leo nimeamka nikiwa na swali la kumuuliza.

Wengi humu mnamjua kama mwalimu wa kompyuta hapa Morogoro. Mimi nilimfahamu kabla ya hapo, alipoletwa kuchukua kazi yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mashirika ya umma yanauzwa, watumishi wanapunguzwa. Mimi bwana shamba kijana kule Mgeta, kila nikiitwa ofisini nilijua ni barua ya redandansi.

Ukaja mradi mmoja. Walitaka kompyuta imuulize mkulima maswali, kisha imwambie zao lake linaumwa nini. Siku hizi mngeiita akili mnemba. Sisi tuliambiwa ni expert system, yaani mfumo wa kitaalamu, na expert wa kunakiliwa nilikuwa mimi.

Rukia, binti wa Pangani, alipanda na Land Rover ya mradi, kavaa sweta mbili kwa baridi ya kule. Alinifuata shambani akiandika kila nilichosema.

"Umejuaje kuwa huu ni mnyauko?" Nikamwambia nimeona tu.

"Kompyuta haielewi 'nimeona tu', kaka Deo. Umeona nini kwanza, halafu nini?"

Nilimjibu shingo upande. Akishamaliza kuandika, mimi sina kazi. Na yeye alilijua hilo. Siku moja aliniuliza nina watoto wangapi. Nilipomjibu, hakuandika kitu tena mchana kutwa.

Siku ya majaribio laptop ilichomekwa kwenye betri ya gari, watu wakajaa. Wa kwanza alikuwa Mama Felista, mjane, ambaye viazi vyake vilikuwa vinanyauka shamba zima.

Rukia akampa shikamoo yake, akaanza kumsomea maswali. Majani yananyauka yakiwa bado mabichi? Ndiyo. Shina ukilikata linatoa ute? Ndiyo. Na jirani yako ana tatizo hilohilo? Ndiyo, mwanangu.

Kompyuta ikatoa jibu: mnyauko wa bakteria. Ng'oa vyote, choma. Wakubwa wa mradi wakapiga makofi.

Mama Felista akaaga, akaenda kuchukua jembe. Lile shamba ndilo lililokuwa likiwalisha yeye na wajukuu zake.

Nami nikanyamaza. Asubuhi ile nilikuwa nimepita kwa jirani yake, nikaona viazi vimestawi vizuri tu. Naandika haya kwa aibu: nilitaka mashine ikosee, watu waione.

Rukia ndiye aliyenitazama usoni. Akanivuta kando. "Una neno. Liseme."

"Jirani yake hana tatizo lolote."

"Sasa mbona amejibu ndiyo?"

"Wewe ni mgeni, umetoka mjini na mashine. Angekwambiaje hapana?"

Alikimbia. Na viatu vyake vya mjini, akishuka kwenye matuta kama mbuzi. Tulimkuta mama ameshang'oa mistari miwili.

Tulikata shina, tukalisimamisha kwenye glasi ya maji. Maji yakabaki safi, hakuna ute wowote. Haikuwa bakteria.

Nikamuuliza mama mfereji wake wa kumwagilia umekauka tangu lini. Akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji kaugeuza. Hatuelewani tangu msiba wa mume wangu."

Swali hilo halikuwemo kwenye kompyuta. Sikumnyima Rukia. Sikujua tu kuwa ni kitu ninachokijua, mpaka nilipojisikia nikikiuliza.

Tulikwenda kwa shemeji mtu, sote watatu. Rukia hakuongea utaalamu wowote. Alimwomba radhi Mama Felista mbele ya yule mzee, kwa kutaka kumng'olesha shamba lake. Mzee akatazama chini. Kesho yake maji yakarudi, na viazi vilivyobaki vikainuka.

Kwenye ripoti yake aliandika kuwa programu inaweza kumsaidia bwana shamba, ila isitumike kumwondoa hata mmoja. Bosi wake akamtaka aifute hiyo sentensi. Akakataa. Mimi nikabaki kazini. Mkataba wake haukuongezwa.

Nilimfuata Msamvu akisubiri basi la kwao, nikamwomba msamaha kwa kunyamaza kwangu. Akacheka. "Umenyamaza dakika kumi tu, Deo. Wapo wanaonyamaza mpaka wanastaafu."

Baada ya miezi michache akarudi, akaanza kufundisha kompyuta hapa mjini. Alianza na makarani na mataipisti waliopunguzwa kazi. Hakuhama tena.

Mwaka huu, kwenye semina, kijana mmoja alimuuliza kama akili mnemba itatufanya tuache kufikiri. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikasikia jibu lake:

"Mimi naitumia kila siku, inanisaidia sana. Lakini ikinipa jibu huwa najiuliza, waliojibu maswali yake ya mwanzo walikuwa huru kusema hapana? Kama sijui, navaa viatu naenda kuangalia."

Vijana walimzunguka hadi nikashindwa kumfikia kumuaga. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona. Presha imemchukua ghafla.

Jana makaburini wanafunzi wake wawili walinifuata, mmoja akiwa bado na udongo mikononi. Wanatengeneza programu ya simu kwa wakulima wa milimani, na yeye ndiye aliyekuwa akiwasimamia. Walidhani sasa imekufa.

Nimestaafu na magoti yangu yanalalamika, lakini Jumamosi tunapanda Mgeta pamoja. Mmoja wao, binti, amenunua daftari. Nitaongea, wataandika, na wakinibishia nitafurahi.

Rukia dada yangu, wanafunzi wako hawajabaki peke yao. Mwenyezi Mungu akupokee kwa upole uliotupa sisi. Usingizi mwema, Mwalimu. Lala.