Nchi ya Waliokwisha Kufika

Jumamosi moja nilitakiwa kutoka Eldoret asubuhi kwa sababu ya Jeruto, binti wa marehemu kaka yangu. Wageni walikuwa wanakuja kumposa nyumbani kwao katika kijiji cha Ziwa, na kwa kuwa baba yake hayupo, mimi ndiye niliyebaki wa kuongea. Jeruto aliniomba jambo moja tu: niwaambie wageni harusi ingoje amalize mwaka wake wa mwisho chuoni. Nikamwahidi. Nimeishi miji mingi, nikihama kila nilipoanza kujulikana, na sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuniomba kitu kizito hivyo.

Saa tatu asubuhi simu ililia nikiwa chini ya blanketi, nikiwaza jinsi mimi na kaka tulivyokuwa tukichunga ng'ombe katika baridi ile ya Ziwa, miguu tukiipasha moto pale ng'ombe alipolala. Aliyepiga alikuwa shemeji Tabitha, mamake Jeruto.

"Shemeji, umefika wapi?"

"Nimefika. Naona mabati ya kanisa lenu."

Nilisema hivyo kama tunavyosema sisi sote. Kabla sijakata simu, kitanda hakikuwepo.

Mahali nilipojikuta palikuwa na barabara ya murram isiyo na lami, mahindi kushoto na kulia. Mbele yangu mabati ya kanisa yaling'aa, karibu kabisa. Nilikuwa na shati la kulalia na soksi. Nilitembea nusu saa. Kanisa halikukaribia, wala halikurudi nyuma.

Kufikia saa nne nilikuta lori limeegeshwa, dereva wake akishusha magunia ya sukari. Kila gunia liliposhuka, jingine lilikuwa limeshakaa mahali pake.

"Karibu, mimi ni Abdi," alisema bila kusimama. "Wewe ulisema umefika wapi?"

"Kanisani, Ziwa."

"Unaliona?"

"Naliona."

"Utaliona sana. Mimi nilimwambia tajiri wangu niko Soy nashusha mzigo. Na nilikuwa Ainabkoi, nakunywa chai."

"Lini hiyo?"

"Kabla ya mvua. Siyo ya mwaka huu."

Tulikaa juu ya magunia. Mwanamke mmoja alikuwa kando ya barabara akisukuma geti ambalo sisi hatukuliona. Bwana mwenye suti alipiga hatua za haraka bila kuhama. Kila mtu alikuwa na simu sikioni akisema dakika tano. Chaji haiishi huko, na network ni nzuri kuliko ya mjini kwetu.

Nilimuuliza Abdi kama kuna njia ya kutoka.

"Iko. Unaongea na yule anayekungoja, unamwambia uko wapi kweli. Unarudi hapo hapo ulipokuwa."

"Sasa wewe unangoja nini?"

Alijipangusa jasho. "Nimwambie tajiri nilikuwa hotelini? Yule mzee ananiheshimu. Heri nishushe."

Nikacheka.

"Cheka tu," alisema. "Mwenye soksi ni wewe."

Saa tano na nusu Jeruto alipiga simu. Aliongea chini chini.

"Baba mdogo, wageni wameshakaa. Tangu asubuhi Mama anawaambia uko hapo kanisani. Sasa mzee wao anasema kama hakuna wa kuongea upande wetu, wao watapanga harusi iwe Desemba. Uko wapi?"

Dakika tano zilikuwa zimeshafika kwenye ulimi. Abdi aliacha kushusha akanitazama.

"Niko Eldoret," nilisema. "Kitandani. Sijanawa uso. Nilimdanganya mama yako."

"Sawa," akasema, akakata.

Blanketi lilikuwa bado na joto. Nilinawa, nikavaa, nikachukua pikipiki. Kanisa la Ziwa lilitokea mbele, likapita kushoto, likabaki nyuma, na sikuwahi kufurahi hivyo kuona jengo likinipita.

Saa nane nilifika kwa shemeji. Nilitarajia ugomvi, lakini wageni walikuwa wanakula. Jeruto alinivuta kando ya jikoni.

"Nilimwambia Mama kwamba huji saa hii," alisema. "Akainuka, akaenda akakalia kile kiti tulichokuwekea mbele ya wageni."

"Akasema?"

"Nimalize chuo kwanza. Mzee mmoja akasema mwanamke haongei mambo haya. Mama akamuuliza nani aongee basi."

"Wamekubali?"

"Wamekubali. Na wewe nenda ukamsalimie, amekasirika sana."

Nilimsalimia. Tabitha alinipa mkono bila kuinuka. Mzee wa wageni aliniuliza kama nina la kuongeza, na mimi, nikiwa nimesimama mlangoni, nikasema sina.

Jioni nilirudi Eldoret. Njiani sikuifikiria sana nchi ile, wala Abdi na sukari yake. Nilimfikiria Tabitha. Nilidhani anayekwama ni yule anayesema amefika, kumbe anayemngoja hukwama pia. Maneno yale aliyowaambia wageni alikuwa nayo tangu wanaingia. Asubuhi nzima aliyaweka mdomoni, kiti kikiwa wazi mbele yake, na hakuweza kukikalia kwa sababu mimi nilikuwa nimeshafika.