Gari la Maduhu Lilivyoitikia Mwano

Waliomvunja taya Maduhu hawakumjua hata jina. Waliomjua walikuwepo pia, wamesimama na fimbo zao, kimya. Hao ndio ninaowasema mimi Paskazia, na nitawasema mpaka siku nitakayofukiwa.

Maduhu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Ujanani alikimbilia Geita kama wenzake, akidhani atarudi na dhahabu mfukoni. Kifua kikamkatalia kushuka shimoni, wakamweka kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe, na huko ndiko alikojifunza injini. Alijifunza kwa kipigo. Fundi wake alikuwa akimsahihisha kwa spana ya mgongoni, kovu analo mpaka leo. Alirudi nyumbani, kijiji chetu cha wafugaji nje kidogo ya Samuye, wakati mimi nami nimesharudi baada ya kufiwa na mume. Tukaishi boma moja.

Basi akaliona hilo gari. Mzungu mmoja wa almasi alilileta enzi za baba yetu, gari la Kimarekani la milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda nane. Mzungu akaenda zake, gari likabaki nyuma ya nyumba ya mtu pale mjini Shinyanga, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Maduhu akatoa dume lake la kulimia, akapewa lile kopo. Dume la kulimia! Msukuma akitoa ng'ombe anaoa, au anazika. Mwenzangu katoa kwa ajili ya banda la kuku. Nilimtukana siku ile mpaka sauti ikakauka.

"Dada, subiri tu," akaniambia. "Likinguruma utalisahau hilo dume."

Alilifungua lote uani. Sakafu iliyooza akaikata, akachomelea nyingine kwa bati la pipa alilolipasua. Breki za zamani akazitupa, akafunga diski za Noah. Gia boksi aliitoa kwenye Hailaksi iliyopinduka, na kitako cha kuikalisha akakifua mwenyewe kwa chuma cha plau, maana plau lenyewe halikuwa tena na ng'ombe wa kulivuta. Radieta ilikuwa ya Fuso. Nyundo zilianza kunipasua kichwa kabla sijawasha moto wa uji. Kucha zilimtoka, akafunga vidole kwa matambara akaendelea. Mara moja jeki iliteleza, chuma kikamshukia kifuani. Akatoka chini ya gari anatema damu, kisha akarudi kulekule kabla sijamaliza kulia. Nami, sitaki kusema uongo, nikaanza kulipenda lile dubwasha. Milango yote miwili na boneti nimeipiga msasa kwa mikono hii.

Sasa elewa kitu kimoja cha kwetu. Wezi wa ng'ombe wakionekana, hupigwa mwano. Ni yowe, na kila mwanaume akilisikia anaacha alichoshika, anachukua fimbo au upinde, anakimbia. Kijiji cha pili kinalipokea, kinalipeleka cha tatu, mpaka njia zote zimefungwa. Asiyeitikia anahesabiwa mmoja wa wezi. Siku moja mwano ulipigwa Maduhu akiwa ameining'iniza injini kwa mnyororo kwenye magogo matatu, nusu imeingia garini, nusu iko hewani. Angeiachia ingeanguka na kupasua kila kitu. Hakwenda.

Jioni akaja Bujiku, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, jirani yetu wa boma kwa boma. Watoto wake, kuanzia Ngusa, nimewanywesha uji kwa mkono wangu. Akasema faini ni dume. Dume letu lilikwisha kuwa gari, na Bujiku alilijua hilo vizuri sana, akaguna puani akaondoka. Tukatengwa.

Kutengwa usikuombe. Hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kukupa kaa la moto, kisimani husogei, na ukifiwa utazika mwenyewe. Ukisema, wanakutazama kama upepo umepita. Anayekuitikia anatengwa naye. Mchuma janga hula na wa kwao, nami nikala. Kisimani wanawake walinipiga mateke, nikamng'oa mmoja jino kwa ndoo, na sijuti. Vijana wakaja wakamponda mbwa wetu kwa mawe mpaka akafa, kisha wakavunja kioo cha mbele cha gari. Maduhu alishika rungu akasimama langoni. Halafu akaliweka chini.

"Nikiwapiga hawa, dada, hawatanirudisha tena," akasema.

Hapo nikajua kinachomtafuna. Alitaka kuwa mtu tena kati ya watu. Nikamwonea huruma, na hasira ikanipanda zaidi.

Gari likakamilika bila tangi, maana tangi lilikuwa limetoboka lote. Akavuta mpira wa petroli kutoka kwenye dumu hadi kwenye injini, akaniweka kiti cha pembeni, dumu mapajani mwangu, twende tukalijaribu. Lilipowaka kifua changu kilitikisika. Likatoka langoni likikwangua ardhi, vumbi likafunika boma zima la Bujiku, nikacheka mpaka machozi. Hatujafika mbali, tukasikia mwano.

Maduhu akapunguza moto, akasikiliza unakotoka.

"Leo naitikia," akasema. "Na nitafika wa kwanza."

"Kwa hili? Halina hata namba."

"Shika dumu, dada."

Tulikwenda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Mbuga yote ikawa inarudi nyuma, mdogo wangu ameuma meno, anafurahi. Tusilolijua ni kwamba mwano wa siku ile ulibeba neno. Wezi walikuwa wamepakia ng'ombe kwenye Kanta, lori dogo, na kila kijiji kilichopokea kikapokea neno moja tu: wana gari. Gari gani, hakuna aliyeuliza.

Kwenye korongo tukakuta njia imezibwa kwa miti ya miiba, na nyuma yake watu wa vijiji vya mbele, wengi, hatuwajui. Maduhu akazima injini. Akatoka mikono juu, anatabasamu. "Jamani, nimeitikia," alisema. Wakamjibu kwa mpini wa jembe. Nikasikia taya likikatika, nikiwa nimekaa garini. Akapiga magoti, wakamshukia wote, fimbo, mateke, jiwe. Mmoja alisimama juu ya mkono wake. Nilipiga kelele kwamba ni mtu wetu, ni fundi, nikazabwa kofi nikaangukia mlango.

Ndipo Bujiku na watu wa kijiji chetu wakafika, wanahema. Moyo ukanitulia, nikajua tumepona.

"Baba Ngusa!" nikaita. "Waambie! Si unamjua huyu?"

Bujiku akanitazama kama upepo umepita. Mzee mmoja wa kule akamgeukia. "Mwenzetu, huyu mnamjua?" Bujiku akatazama chini. Wengine wote nyuma yake wakatazama chini. Tulikuwa tumetengwa, na wao ni watu wa sheria. Walikubali mtu aliyekua nao afe mbele yao ili wao wasitengwe.

Mtu akasema, leteni petroli. Mwingine akaanza kuburuta miiba mikavu kumzungushia Maduhu, ambaye alikuwa bado anavuta pumzi, mapovu ya damu yanatoka puani. Macho yao yakaja kwenye dumu langu.

Pale porini petroli ilikuwa hiyo tu. Nikang'oa mpira. Nikaimwaga yote garini, kwenye viti alivyovishona mwenyewe, kwenye dashibodi, nikamalizia juu ya boneti yangu. Kiberiti nilikuwa nacho kwenye pindo la kitenge, kwa sababu tangu tutengwe hakuna aliyetupa moto. Nikawasha. Moto ulinirudi, ukanichoma mkono mpaka kiwiko na nywele za mbele.

Wakaruka nyuma. Gari likashika lote kwa mara moja, matairi yakaanza kupasuka, na wao wakabaki kulitazama, wengine wanashangilia kama ngoma. Mimi nikamlalia Maduhu. Walinipiga mgongoni, lakini walikuwa wanapiga huku wanatazama moto. Baadaye akaja kijana wa bodaboda, akasema Kanta imekamatwa huko barabara ya lami. Basi. Wakatawanyika mmoja mmoja, hakuna aliyesema pole. Viatu vya Maduhu vikaondoka na mtu.

Hospitali walimfunga taya kwa waya. Sikio moja halisikii tena, na mguu mmoja anauburuta. Akiwa bado kitandani, Bujiku akaja, kofia mkononi.

"Maduhu, mwadila," akamsalimu. "Uliitikia mwano. Wazee wamekurudisha."

Nilimrushia kikombe cha uji wa moto, kikampata shingoni. Lakini Maduhu alikuwa analia, nami namjua tangu utotoni, yalikuwa machozi ya furaha. Aliitwa jina lake. Lile liliniuma kuliko mkono ulioungua.

Gari hatujawahi kulizungumzia. Watu wamekwisha kung'oa vyuma vyake vyote kule korongoni.

Masika ilipoisha mwano ukapigwa tena. Maduhu, na mguu wake anaouburuta, akachukua fimbo akatoka wa kwanza. Alirudi jioni na Bujiku, wakaagana langoni wanacheka. Shati lake lilikuwa na damu, nikamshika nimkague. Haikuwa yake.

"Mmempata?" nikauliza.

"Tumempata. Alikuwa na pikipiki."

"Mlimuuliza jina?"

Akasimama. Taya lake linapinda upande akitaka kusema, na sasa lilipinda.

"Dada, nipe maji ninawe," akasema.

Nikampa maji, akanawa, akaingia ndani kula.