Mshale wa Barabara ya Mashindano

Kabla ya lami kufika, gari la kutoka Lodwar kwenda Kakuma lilifuata njia nyingine. Haikuwa mbali na hii ya sasa. Mahali pengine zinakaribiana kiasi kwamba ukirusha jiwe linafika, na mahali pengine ile ya zamani inakata kona na kupotea nyuma ya vilima vya mawe meusi. Nimekuwa taniboi wa lori miaka mingi, na niliipita bila kujua kwamba kuna kitu cha kutazama.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Msomali mwenye duka la vipuri Kakuma, tunayemwita Haji. Siku moja nikimshushia betri, aliniambia kwamba alipokuwa mtoto magari ya mashindano yalipita huko. Magari madogo yenye namba kubwa mlangoni, na baba yake aliyauzia petroli kutoka kwenye pipa.

"Yalikuwa yanakuja hivi," akasema, akipitisha kiganja mbele ya pua yangu. "Fyuu! Halafu vumbi mpaka swala ya alasiri."

"Wazungu?"

"Wazungu, Wahindi, hata Waafrika wawili watatu. Vumbi halina kabila, warya. Wakishuka hapa wote wana rangi moja."

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa wala sikukosa karo; dirisha la darasa lilitazama barabara, basi. Tangu hapo nikisikia habari ya kitu ambacho watu wamekisahau, miguu inawasha. Kwa hiyo kila lori letu lilipokaa Lodwar kusubiri mzigo, nilimwomba dereva ruhusa, nikapanda boda hadi mahali fulani njiani, nikashuka na kutembea.

Mwanzoni sikuona kitu. Mathenge, ile miti ya miiba, imefunika kila bonde, na miiba yake hupenya hata ndala za tairi. Kisha macho yakazoea. Nikagundua kwamba kwenye uwanda wa kokoto mvua ni chache mno kufuta kitu, na njia ya zamani bado ipo: ukanda uliolainika, kokoto zake zimesukumwa kando na magurudumu, na pembeni mstari wa mawe yaliyopangwa kwa mkono. Ukisimama juu yake hauonekani. Ukichuchumaa jua likiwa chini, unanyooka mbele yako kama uzi. Penye lagga, mto mkavu wa mchanga, nilikuta saruji iliyotandazwa mchangani ili magari yavuke. Katikati imevunjika, na mbuzi hulala kwenye kivuli cha kipande kilichoinuka. Mahali pengine niliokota kioo kinene chenye mistari, cha taa ya gari. Labda ni cha lori la mahindi tu. Mimi niliamua ni cha gari la mashindano, na nikakifunga kwenye leso.

Ndivyo nilivyofika kwenye kisima cha yule mama.

Kilikuwa ndani ya lagga, chini kidogo ya saruji iliyovunjika: shimo refu kuliko mtu, limechimbwa kwenye mchanga mpaka maji yanapotokea. Mama wa makamo, shingo imejaa shanga, alikuwa amechuchumaa ukingoni akipokea karai la maji kutoka kwa mkaza mwanawe aliyekuwa chini shimoni. Wanaume wa boma walikuwa wamehama na ngamia kuelekea milimani. Nilisalimia, "Ejok," nikajibiwa, "Ejok noi." Na kando yake, juu ya mchanga, lilikuwa limelala bamba la chuma, pana kama meza, lenye rangi nyeupe iliyobambuka na mshale mwekundu uliofifia.

Moyo wangu ulipiga kama wa mtu aliyeona jina lake limeandikwa ukutani.

Nataka nieleze vizuri, kwa sababu siwezi kusema sikujua. Niliona kwamba bamba ni kifuniko cha kisima. Niliona mawe ya kulikandamiza yakiwa yamepangwa tayari. Niliyaona yote, na nilichotaka ni mshale.

Mama aliniomba tumbako. Huku kuomba si aibu kama mjini. Mtu akikuambia "nipe," amekuhesabu kuwa mtu, na wewe pia una ruhusa ya kumwambia "nipe." Nilimpa tumbako. Akaomba sukari, nikampa yote niliyokuwa nayo, na nilipokuwa nikimimina kwenye kikombe chake nilikuwa nikipiga hesabu. Aliyetoka kupokea hupata taabu kukataa. Hilo nilijifunza barabarani, na mara nyingi lilinipatia maziwa.

"Mama," nikasema, "na wewe nipe hiyo chuma."

Aliitazama tumbako mkononi mwake. Akatazama kisima.

"Hii?"

"Hiyo."

Mkaza mwana alipanda, akachomoza kichwa kutoka shimoni, mchanga umemjaa kwenye nyusi. Alikuwa amesoma miaka michache Kakuma na Kiswahili chake kilikuwa chepesi. Akasema maneno ya haraka kwa Kiturkana. Mama akamjibu kwa neno moja, kisha akaniambia, "Chukua."

"Amesema nini?" nikamuuliza yule kijana wa kike.

"Amesema umeomba."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema hujui kuomba."

Nikacheka. Nilidhani ni utani, maana huku watu hutaniana hata na wageni. Nililibeba bamba kichwani hadi kwenye lami, likinichoma masikio kwa joto, na mwenye boda akakataa kunibeba mpaka nilipolifunga shuka. Nilipokuwa nikiondoka, niliwasikia nyuma yangu wakikata matawi ya miiba ya kufunikia shimo. Nikajiambia, haidhuru, wana matawi.

Haji alilipiga busu lile bamba. Alisema mabamba kama hayo yaliwekwa penye kona ili dereva asipotee, na alikumbuka moja karibu na pipa la baba yake. Sijui kama alikumbuka kweli au alitaka kukumbuka. Tulilitundika ukutani, juu ya rafu ya plagi. Watu wakaja kupiga picha nalo, Wakongo, Wasudani, vijana wa kambi ya wakimbizi, na kila mmoja Haji alimwonyesha mimi. "Huyu ndiye aliyelitafuta kwa miguu." Kwa mara ya kwanza maishani niliitwa mtafiti. Nilianza kuvaa shati lenye kola.

Safari iliyofuata nilirudi kwenye ile lagga kuendelea na kipande kilichobaki. Nilifika juu ya ukingo, nikatazama chini, nikadhani nimekosea mahali. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na kibonde kilichojaa mchanga na nyayo za punda. Matawi ya miiba yalikuwa yametawanywa, mengine yamekanyagwa ndani. Sikuhitaji kuelezwa. Punda wenye kiu walinusa maji, wakavuta matawi, wakasimama kwenye mdomo wa kisima, na mdomo ukaanguka.

Mbali kidogo, kwenye kisima cha jirani, mama alikuwa ameketi juu ya mtungi wake mtupu akingoja. Mbuzi wa mwenye kisima walikuwa wakinywa. Wa kwake walikuwa wamesimama kando na mkaza mwana akiwazuia kwa fimbo, na walikuwa wakilia.

Nilirudi nyuma ya mathenge nikajificha. Mtu mzima, mwenye shati la kola, nimechuchumaa kwenye miiba ili mwanamke asinione. Kisha niliinama mpaka nikapita, nikaenda zangu kwenye lami.

Haji alikuwa akinywa chai nilipopanda juu ya kreti kulitungua bamba.

"Wewe! Umelewa?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Uliniambia ulipewa."

"Nilipewa."

"Hukuniambia limetoka juu ya maji." Alisema polepole, kama mtu anayejisomea. Kisha akauelekezea kidole ukuta, kwenye alama ya vumbi ya pembe nne iliyobaki bamba lilipotoka. "Na mimi nimelipiga busu mbele ya watu. Shuka, nikushikie. Usinivunjie plagi."

Mpango wangu ulikuwa kufika alfajiri, niliache kando ya kibonde na kuondoka kabla hawajaja. Nilikuwa hata nimemlipa mwenye boda anisubiri injini ikiwaka. Nilishuka lagga nikiwa nimelikumbatia, nikaliweka chini taratibu lisilie.

"Mtu wa mshale!"

Mkaza mwana alikuwa amesimama kwenye saruji, mtungi kichwani. Wanawake wanaongoja kwenye kisima cha wengine huamka mapema.

"Unaiba au unarudisha?" akauliza.

"Narudisha."

"Kwa nini unatembea kama mwizi?"

Akaita kwa sauti, na mama akaja, nyuma yake wanawake wengine wawili ambao hawakuwa na haraka. Nilisema samahani kwa Kiswahili, halafu kwa maneno machache ya Kiturkana niliyoyajua, nikayakosea. Mmoja akacheka. Mama hakucheka wala hakukasirika. Alikanyaga bamba kwa wayo kama anayejaribu kama bado ni zito, akasema kitu kirefu.

"Anasema," yule kijana akatafsiri, "yeye hawezi kukasirika, kwa sababu aliyetoa ni yeye. Mimi ndiye naweza, na haya ni yangu. Mtu anayejua kuomba huangalia kwanza kitu kinafanya kazi gani. Ukiona maziwa unaomba maziwa, huombi mbuzi anayenyonyesha. Mama asingekukatalia, ulikuwa umemjaza sukari. Ulijua?"

"Nilijua," nikasema.

Ningeweza kusema sikujua. Nadhani wangekubali, maana mtu wa kutoka mbali huruhusiwa kuwa mjinga. Lakini wote watatu na yule kijana walikuwa wakinitazama usoni, na jasho lilikuwa limeanza kunitoka hata kabla ya jua.

Mama akanyoosha mkono. "Wewe nipe," akasema kwa Kiswahili, na nikaingiza mkono mfukoni kutafuta tumbako. Akatikisa kichwa. Akaninyooshea kidole mgongoni, kisha kwenye kile kibonde.

Nilimwambia mwenye boda aende.

Kuchimba mchanga wa lagga si kama kuchimba udongo. Ukitoa karai moja, nusu yake inarudi. Inabidi uanze kwa upana mkubwa, ushuke kwa ngazi, na kila ngazi uilowanishe na kuibana kwa matawi, na maji ya kulowanishia yalitoka kwenye kisima cha jirani, kwa kuombwa. Nilisikia kila mara mkaza mwana alipokwenda kuomba. Hakuwa akirudi mara moja. Wenye mbuzi wengi walikuwa na haki ya kumaliza kwanza, na mimi nilisimama shimoni na karai tupu, nikisikiliza mwanamke akingoja kwa ajili yangu. Mikono ilichubuka, na hilo halikuniumiza. Wanawake waliopita walichungulia shimoni na kuulizana, na neno la kuuliza nilianza kulielewa: ndiye huyu? Ndiye. Mmoja alinitupia maneno yaliyowafanya wote wainame kwa kicheko.

"Anauliza umepata gari humo chini," mkaza mwana akaniambia.

"Mwambie bado."

Alipomwambia walicheka zaidi, na yeye pia akatabasamu kidogo, kisha akakumbuka na kuacha.

Mchanga ulianza kuwa baridi kwenye nyayo, halafu mzito, halafu maji yakaja, ya kahawia, yakijikusanya polepole mahali nilipokuwa nimesimama. Niliambiwa nitoke. Mkaza mwana akashuka, akaanza kuteka kwa kikombe. Maji ya kwanza yalipotulia, mama hakuwaita mbuzi wake. Aliwaita mbuzi wa jirani, wale waliokuwa wakinywa yeye akiketi juu ya mtungi mtupu, na akawamiminia kwenye karai mpaka wakashiba. Kisha wake. Kisha akajaza mitungi ya wale wanawake wawili.

Nilikaa kwenye kivuli cha ukingo. Ulimi ulikuwa umeshikana na kaakaa. Mama alipita karibu yangu akiwa na kibuyu kilichojaa, akanitazama, akasimama kidogo kama anayeningoja niseme kitu. Neno nililijua: nipe. Niliangalia chini mpaka alipopita, nikainuka, nikasaidia kupanga mawe.