Kaburi Lisilo na Mashahidi

Siku mwenyekiti wa mtaa alipotutangazia kwamba wageni wa mashindano ya mpira watafanyia mazoezi kwetu, mie ndiye niliyepiga makofi kuliko wote. Mtaa wetu uko huku pembezoni mwa Temeke, ambako mvua ikinyesha siku mbili tu teksi zinagoma kuingia. Akasema tutapata lami, tutapata mitaro, tutapata taa za barabarani. Kina mama wa chapati watauza hadi wachoke. Mie ni fundi rangi, na tayari nilishapewa kazi ya kupaka vyumba vya wachezaji na kingo za barabara, nyeusi kwa nyeupe, mwanzo mpaka mwisho. Sasa kwa nini nisipige makofi?

Halafu mwenyekiti akakohoa. Akasema barabara itapanuliwa upande wa makaburini, kwa hiyo safu nne za mbele zitahamishiwa Chanika. Kila mwenye mtu wake afike amtambue. Wasiotambuliwa watazikwa pamoja, kaburi moja.

Mikono yangu ilibaki hewani. Mama yangu yuko safu ya tatu, na mie sikuwa najua kaburi lake ni lipi.

Nikiri tu, mie ni mwoga, na uoga wenyewe ulianzia hapohapo makaburini. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa kitandani, miguu imevimba, hata chooni anapelekwa. Dada yangu ni mwanamke, na kwetu wanawake hawaendi kuzika. Nikabaki mie, mtoto wa kiume peke yangu. Asubuhi ile nikaiona saa ya baba mezani, saa ya chuma yenye mkanda wa chuma, nikaivaa. Sikuomba. Nilitaka tu nionekane mtu mzima mbele za watu.

Niliingia kaburini na wajomba zangu wawili kumpokea mama. Tukamlaza kwenye mwanandani, ule upenyo wa pembeni anamowekwa maiti. Nilikuwa bado nimemshika bega pale mchanga wa ukutani ulipoporomoka. Ulinifunika miguu mpaka magotini. Nilipiga yowe ambalo mpaka leo likinijia nasikia aibu. Nikachomoa mkono kwa nguvu, nikapanda juu kwa magoti na viwiko, nikamwacha mama yangu na wajomba. Nilipofika juu nikajitazama mkono. Saa haikuwepo.

Ningemwambia nani? Watu wanasoma dua, mie niseme fukueni, nimeangusha saa?

Jioni baba akaiulizia. Siku hiyo nzima aliyekaa naye chumbani alikuwa mchumba wa dada, kijana fundi redio, ndiye aliyemshika mkono kila alipotaka kwenda haja. Baba akasema, "Mwingine aliyeingia humu ni nani?" Mie nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilinyamaza. Siku tatu baadaye posa ikarudishwa, yule kijana akahama mtaa, na dada hakulia mbele yetu hata mara moja. Baba alikuja kufa akiamini yule kijana ndiye mwizi. Wajomba nao wakafuata.

Toka hapo sikuingiaga tena makaburini. Kila mwezi wa Shaabani dada akiniuliza, "Umeenda kumsafishia mama?" namjibu nimeenda. Naishiaga getini. Nikifika pale naukumbuka ule mchanga, nageuza. Kwa hiyo vile vibao viwili vya mti, cha kichwani na cha miguuni, tunavyoviita mashahidi, vilioza vikaanguka na mie sipo.

Siku ya kutambua tulifika alfajiri. Dada alikuja pia. Alisema safari hii hakuna wa kumzuia. Alijitanda khanga mbili akasimama kando ya ukuta. Nilikuwa sijalala usiku kucha, jasho linanitoka na jua bado halijachomoza. Safu ya tatu nilikuta makaburi matatu yamepangana, yote hayana alama, nyasi tupu.

Mtu wa mradi, mpole tu, alikuwa na fomu zake kwenye kibao. "Mashahidi ya kaburi yapo?"

"Hayapo. Yameoza."

"Basi shahidi ni wewe. Lipi?"

Dada alikuwa ananiangalia kwa imani kabisa, maana si naendaga kila Shaabani? Nikanyoosha kidole kwenye la kushoto. Sijui kwa nini la kushoto. Nikasaini.

Wachimbaji wanne walichimba taratibu, kwa heshima, wamefunga vitambaa puani. Walipofika chini wakaacha majembe, wakatumia mikono. Nilisogea ukingoni huku nimemshika mmoja wao bega. Nikaiona mifupa, myembamba, imelala upande wa kibla kama inavyotakiwa. Nikaangalia penye bega. Nikaangalia penye kifua. Mchanga ulikuwa safi. Hapakuwa na kitu.

"Ndiye?" akauliza mtu wa mradi.

Nikisema ndiye, imekwisha. Huyu marehemu wa watu atapelekwa Chanika kwa jina la mama yangu, dada atakuwa anamsomea Fatiha mpaka anakufa, na mama atamwagwa kwenye shimo la wasio na wenyewe. Hakuna mtu duniani atakayejua, isipokuwa mie. Nikisema siye, wataniuliza nimejuaje. Nilimkaza bega yule mchimbaji mpaka akanitazama.

"Braza, jua linapanda," akasema mtu wa mradi. "Wenzako wanasubiri."

"Siye," nikasema.

Dada akasogea. "Umejuaje kama siye?"

"Mama ana saa ya baba."

Hakunielewa. Ikabidi niseme yote palepale, mbele ya watu nisiowajua, mchanga umetujaa miguuni: kuivaa bila ruhusa, ukuta kuporomoka, kukimbia, kunyamaza. Nilisema nikiwa naangalia chini. Nilipomaliza, dada alinigeuzia mgongo. Alirudi kwenye ukuta wake akasimama palepale.

Wakamfukia yule marehemu wa watu asubiri wenyewe, wakachimba la katikati. Walipokaribia chini nikawaomba watoke, niingie mie. Mtu wa mradi alisita, kisha akaniruhusu. Niliteremka huku nasoma nilichokikumbuka, aya zinagongana mdomoni. Shimo lilinifika kifuani. Mchanga ukaanza kuteleza kutoka ukutani, kidogo kidogo, ukanifunika vidole vya miguu, na mwili wote ukataka kuruka juu kama siku ile. Nililia kwa sauti. Sikutoka.

Niliipapasa penye bega. Ilikuwepo, imeshika kutu, kioo kimepasuka. Nikaiweka mfukoni, nikamkusanya mama kwenye sanda mpya, kipande kwa kipande, nikawapa juu. Alikuwa mwepesi sana.

Niwe mkweli pia kwa upande wa pili. Lami ilikuja kweli, na taa, na mitaro. Wageni walifanya mazoezi, watoto wa mtaa walining'inia kwenye uzio kuwaona, chapati ziliuzika. Siku hizi mgonjwa akizidiwa gari linafika mlangoni. Zile kingo za barabara pale ilipokuwa safu ya tatu nilizipaka mwenyewe, na nikipita napita upande wa pili.

Ila siku ile, tulipomaliza kumzika mama upya Chanika, mie na dada tulikaa chini kusubiri gari la mradi liturudishe. Nilimpa saa. Aliifuta kwa pindo la khanga, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Yule fundi redio yupo Mbagala," akasema. "Ana kibanda anatengeneza simu. Nikipita pale nageuza uso, ananisalimia siitikii. Miaka yote hiyo. Na mie niliamini, unajua? Niliamini kama baba."

Nikaanza kusema dada nisamehe. Akainua mkono.

"Usiniambie mie. Kesho saa nne utanipitia, twende kwake. Utaongea wewe."

Akaifunga saa kwenye ncha ya khanga, akakaza fundo. Nikamwambia saa nne nitakuwa mlangoni kwake, ingawa niliogopa kuliko nilivyoogopa shimoni.