Mkono Aliopewa Baba Mkwe

Kwetu Kyela mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani, huingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini ukoo alikoolewa mdogo wangu, kule Ipinda, haujalegeza kitu. Kwa hiyo asubuhi aliyotoka jikoni, akamfuata mzee kwenye mikeka ya kuanikia kakao, akampa mkono na kusema, "Shikamoo babu, nimepotea, nataka kwenda kwa shangazi, kule Kasumulu mpakani," nyumba nzima iliacha kazi ikatazama.

Mdogo wangu ana zaidi ya miaka thelathini. Aliyetoa mkono alikuwa na sauti ya mtoto wa miaka kumi. Nyumbani tunamfahamu mtoto huyo. Hutokea, hukaa saa moja au mchana mzima, kisha mdogo wangu hurudi na kuuliza kwa nini chai imepoa. Katika umri huo ndipo alipoishi kwa shangazi, mpakani, na aliporudi alikuwa haongei. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa sekondari, nikadhani amefundishwa adabu.

Wakwe walimrudisha nyumbani kwetu Bondeni bila binti yake wa miaka minne. Walitaka neno la daktari: kama ni ugonjwa wajue, kama ni dharau wajue.

Nilimpeleka Mbeya, mama akiwa nasi. Daktari wa kwanza, mwanamke kijana, alizungumza naye kwa siku kadhaa, kisha akatuambia ugonjwa wa mtu mmoja kuwa na nafsi zaidi ya moja upo. Mtoto akiumizwa sana na akakosa pa kukimbilia, akili hujigawa ili sehemu moja ibebe maumivu.

"Kwa hiyo si mashetani?" mama aliuliza.

"Si mashetani, mama."

"Ndaga, mwanangu. Ndaga," mama alishukuru, kama vile mgonjwa ameshapona.

Tuliporudi kwa miadi, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuja pia. Safari hiyo tulipokelewa na daktari mwingine, mkubwa wa yule wa kwanza.

"Simwiti mwongo," alisema. "Ana maumivu ya kweli na tutamtibu. Ila jina hilo la nafsi nyingi mimi silitumii, na wenzangu wengi wanalitilia shaka. Ukimuuliza mgonjwa kila siku habari za mtu aliye ndani yake, mwishowe atakuletea mmoja."

"Huyu alikuja kabla hatujaonana na daktari yeyote," nilisema. "Nani alimuuliza?"

Alikiri, "Sina jibu la kukutosha."

Nilimheshimu kwa hilo. Lakini shemeji aliyapeleka kwao maneno machache tu: daktari mkubwa amesema ugonjwa huo haupo.

Kikao cha koo mbili kilifanyika Ipinda; mimi na mama tulikwenda na mdogo wangu. Baba mkwe alikaa nje, chini ya dirisha, kwa kuwa mkwewe alikuwa ndani.

"Huyo mgeni wenu wa miaka kumi," alianza mjomba wa shemeji, "mbona akija anajua choo kilipo?"

Watu walicheka. Mjomba aliendelea, "Na alipokuja wakati wa mavuno ya mpunga, alimwona mzee akajificha. Mgeni gani huyo anayejua miiko yetu?"

"Mtoto wa huku anaijua, mjomba. Amemwona mama yake akijificha," nilijibu.

"Basi mbona safari hii ametoa mkono?"

Nilimgeukia mdogo wangu. Mama mkwe alisema kwa upole kwamba yeye hawezi kumkabidhi mjukuu wake kwa mtu ambaye hata madaktari hawajui ni nani. Kama ingekuwa dharau, alisema, ng'ombe mmoja wa faini angetosha, radhi ikaombwa, yakaisha.

Tulipopumzika, mdogo wangu alinivuta nyuma ya nyumba.

"Kaka, nikiitwa mgonjwa, mtoto sipewi."

"Lakini unaumwa."

"Kasema nani? Madaktari wenyewe wawili wameshindwa kukubaliana. Mwanangu analala bila mimi."

Aliingia, akapiga magoti, akasema alifanya kusudi. Alikuwa na hasira ya mambo ya jikoni, akataka kumwaibisha mzee. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, bila kutetemeka, na nikaona nyuso zikilegea mmoja baada ya mwingine. Mjomba alianza kuzungumzia ng'ombe. Mama mkwe alikwenda mwenyewe kumleta mtoto.

Dirishani mzee alikohoa. "Mwambieni akirudia, hatutauliza tena daktari. Ataondoka, na mtoto atabaki."

Mdogo wangu, akiwa ameligeuzia dirisha mgongo na binti yake mapajani, alimwomba mama mkwe ajibu kwamba amesikia. Mama yangu alikuwa anatazama sakafu. Mimi na yeye tulijua kwamba yule mtoto wa miaka kumi hakuwapo kwenye kikao kile, na hakuwa ameahidi chochote.